Njia Inayopita kwa Baba

Jumapili jioni, Masimba. Mvua iliyoanza alasiri imekatika sasa hivi na mabati bado yanadondosha maji. Mgongo unaniuma, kucha zimejaa udongo mwekundu, na moyo umetulia kuliko nilivyozoea.

Leo nimesimama kwenye kaburi la baba.

Tulifukuzwa kwenye shamba letu la Nyansiongo, alikozikwa baba, wakati wa vurugu za kikabila za mpakani, wanangu wakiwa bado wadogo. Baadaye mimi na ndugu zangu tuliliuza shamba kwa hiari na hati ikabadilishwa. Sina dai lolote pale. Lakini huku kwetu, mzee akirudi kutafuta kaburi kwenye shamba lililouzwa, watu huona kesi ya ardhi inakuja. Kwa hiyo sikwenda. Kila nilipopita barabara ya huko nilitazama upande wa pili.

Mwaka huu nilisikia kwamba kuna kikundi cha kujitolea kinachofufua njia ya zamani ya miguu, ile iliyopita kando ya shamba letu, ikashuka mtoni na kupanda hadi msituni. Ni njia ya umma, ila ilikuwa imemezwa na nyasi za nepia na majani chai. Nikajiunga. Nilijiambia kwamba nikiwa njiani, hakuna atakayeniuliza ninatafuta nini.

Kazi hufanywa Jumapili kwa kuwa wengi wetu ni Wasabato. Wakatoliki hutukuta baada ya misa wakiwa na viatu vya kanisani, na hutaniwa mpaka wavivue.

Leo asubuhi tulifukua ngazi za mawe zilizokuwa mbele ya lango letu. Nilizitambua, nikaendelea kufukua. Hatua chache mbele, mvua za miaka zimeila njia yote na kuacha korongo. Ilibidi tusogee juu, ndani ya shamba la Mama Kerubo, mjane wa yule aliyenunua kwetu. Alikuwa akitusubiri, panga mkononi.

"Hapa hamchimbi," alisema. Kisha akanikazia macho. "Na huyu si mtoto wa Nyakundi? Umekuja kupima shamba?"

Hilo ndilo swali nililolikimbia miaka yote.

Ombati, mwenyekiti wetu, muuza mbolea, akacheka. "Mama, huyu apime nini? Tangu asubuhi sururu imemshinda kuinua."

"Nimekuja kumwona baba tu," nilisema hatimaye. "Shamba ni lako."

Alishusha panga. "Basi nionyeshe alipo! Mume wangu alikufa bila kujua. Kona hii yote sijawahi kuilima, naogopa kumchimba mtu."

Nilitazama vichaka vya kona ile. Mimi nilikuwa nikimwogopa yeye, naye akimwogopa baba.

Nyumba haipo tena, lakini kutoka kwenye ngazi za lango nilijua mlango ulikuwa wapi, na kwetu mwanamume huzikwa upande wa kulia wa nyumba yake. Nikatembea polepole, nikasimama. Hapa. Mama Kerubo akachomeka vijiti kuzunguka mahali pale, akarudi nyuma kutazama.

"Kumbe ni padogo hivi? Na ng'ombe wangu wamelala njaa miaka yote kwa kukosa nepia!"

Tulicheka wote, hata mimi, nikiwa na machozi.

Basi akatukatia ukanda wa ardhi kati ya kaburi na korongo. Kabla mvua haijaanza, njia ilikuwa imefunguka, na mitaro ya kuelekeza maji pembeni tulikuwa tumeichimba. Aliyetuletea uji alikuwa ni Mama Kerubo mwenyewe.

Sasa naweza kwenda kwa baba bila kubisha hodi kwa mtu, kama yeyote anayeshuka mtoni.

Ila leo, nilipobaki peke yangu pale, sikumwambia baba lolote. Muda wote huu nilijiandaa kukataliwa tu. Jumapili ijayo nitamwambia nini kwanza?