Kilio cha Majaribio

Jumanne, Ifakara

Miaka miwili najinadi mtandaoni kuwa mwigizaji, na leo nimeshindwa na jirani.

Asubuhi nilijirekodi uani nikilia msiba, video ya kuomba nafasi kwenye tamthilia. Mama Anjela wa nyumba ya pili akanisikia, akaja mbio. "Nani amekufa?" Kabla sijajibu akajibwaga chini, akalia hadi kuku wakatawanyika.

Bando lilikuwa linaisha, nikaituma hivyohivyo.

Jioni watu wa tamthilia wamejibu: "Wewe bado. Huyo mama anapatikana?"

Nikaenda kumwambia. "Shikamoo mama. Wanakutaka kwenye tamthilia."

"Marahaba. Na mpunga wangu atauvuna nani?"

Nikamwomba basi anifundishe kulia. Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Hata hayo yalikuwa ya kweli kuliko yangu.