Panya Waliokaa Mbele ya Chakula

Soweto, Mbeya
Jumapili, baada ya adhuhuri

Baba,

Arobaini yako ilisomwa jana, na Mama mdogo bado yumo nyumbani mwako. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama mchele wa Madibira umefika. Yumo. Yuko edani, kakaa chumbani upande wa dirisha, na hakuna aliyemtoa. Ndugu zako walikuja kumtoa. Nimewakatalia.

Ulizoea kuniita Karani kwa sababu ya shajara yangu. "Karani kaandika, ubishi umekwisha." Leo nimeiweka kando nikuandikie wewe mwenyewe. Shajara naijazia tarehe na mambo yaliyotokea. Hasira haina safu yake mle.

Unaikumbuka siku ile kwa daktari? Yule binti wa Njombe aliyekuamkia "Kamwene, baba," ukataka kumcheka kwa jinsi alivyojua tu kuwa umetoka Iringa, lakini uso wako ulikuwa umeshaanza kuganda, kicheko kikabaki machoni. Nikamuuliza lile lililokuwa linaninyima raha: kwa nini Baba anakaa mbele ya sahani ya wali, njaa anayo, na mkono hauendi?

Hakunijibu kwa maneno makubwa. Alisema wako watafiti waliobadilisha vinasaba vya panya wa maabara, wakapatikana panya ambao ubongo wao hauwezi kutengeneza kemikali inayoitwa dopamini. Wanazaliwa wakionekana wazima, wananyonya, halafu baada ya muda wanatulia tu. Unawawekea chakula puani, hawali. Kula hawajasahau, maana ukiwatilia mdomoni wanatafuna na kumeza. Wanachokosa ni kile cha kuwaanzisha. Ukiwaacha, wanakufa njaa na chakula kiko mbele yao. Lakini wakipewa dawa ambayo mwili unaigeuza kuwa dopamini, haupiti muda wanainuka, wanatembea, wanakula. Dawa ikiisha nguvu, wanarudi kukaa.

"Mzee si panya," akaongeza upesi, "na ubongo wake hakuna mtu aliyeuchezea. Kwake kemikali hiyo inapungua yenyewe, kidogo kidogo. Ila dawa nitakayompa ni ya namna hiyohiyo."

Kisha kwa ile sauti yako iliyokuwa imeshuka ukasema, "Panya? Nimewaua tangu ujana wangu, leo ndio wananiponya?"

"Haikuponyi, mzee. Inakuinua."

"Basi tukifika nyumbani, Askari asisikie."

Daktari hakujua kuwa Askari ni paka wetu wa ghalani. Nilimweleza huku nafuta machozi ya kucheka. Baba, hicho ndicho kicheko chetu cha mwisho cha watu wawili, na nakiweka hapa kisipotee.

Na kweli dawa ilikuinua. Mama mdogo ndiye aliyekuwa anakupa. Anaponda kidonge jikoni kwa sababu kumeza kulikuwa kunakushinda, anakoroga na maji, anakunywesha, anakaa nawe. Baada ya kitambo bega linalegea, macho yanapepesa, unaomba kofia yako. Hata mistari ya chaki ni yeye. Daktari alisema miguu ikiganda mlangoni, mchoree mistari sakafuni, avuke mmoja baada ya mwingine. Nilidhani ni mzaha. Lakini wewe uliyeshindwa kukanyaga sakafu tupu, ulikuwa unaivuka ile mistari kama mtu anayevuka mifereji ya mashamba ya Madibira. Kila asubuhi Mama mdogo alideki, kisha akapiga magoti na kuichora upya, kutoka kitandani hadi barazani.

Sasa fikiria Shangazi Mwajuma anafika kutoka Mlandege, Iringa, kukuangalia, anakuta hayo. Kaka yake mkubwa kakaa kama gogo. Mke wa Kisangu, mdogo kwake kwa umri, anaingia jikoni, anatoka na kikombe, na baada ya muda gogo linasimama na kutembea. Na sakafuni pana mistari. Namkumbuka alivyoinua vitenge akairuka ya mlangoni yote kwa mkupuo mmoja, na unene wake ule, nusura aanguke juu ya meza.

"Haya ndiyo ya Usangu haya," akaniambia uani. "Macho huna? Asipopewa kitu na yule mwanamke, hajiwezi. Akipewa, anatembea. Sasa nani anamfunga na nani anamfungua? Limbwata hilo, mwanangu. Kaka yangu amefugwa kama kuku."

Nilimweleza habari za daktari. Nilimweleza habari za panya.

"Usiniletee panya mimi."

Nimelifikiria sana hilo, Baba. Macho ya Shangazi hayakukosea. Alichokiona ndicho walichokiona wale watafiti: kiumbe aliyekaa, kitu kikatiwa mdomoni, kiumbe akainuka. Watafiti walipoona hivyo waliuliza kuna nini ndani ya ubongo. Yeye aliuliza kuna nini ndani ya moyo wa mke. Na jibu alikuwa nalo tangu siku ulipoenda kuoa kwa Wasangu.

Nilipokwenda Madibira kuchukua mchele, Shangazi alikuja kukuchukua. Ukabadilishe hewa, alisema, ukae na ndugu zako Iringa. Mama mdogo hakuweza kumkatalia wifi yake. Alikufungia vidonge, akaeleza namna vinavyotolewa, akaeleza na mistari. Shangazi akapokea, akaitikia, "Sawa wifi."

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Ulikuwa mle ndani ya mwili ule. Nilipofika Mlandege nilikukuta kitandani, sahani kando yako, mboga imeota ukoko. Shangazi alikuwa amekaa ana matumaini, Baba. Matumaini! "Anakataa chakula kwa sababu lile dude linamtoka," alisema. "Mwache, likiisha atakula mwenyewe." Hukuwa umekataa. Niliyaona macho yako. Nilipokutilia uji mdomoni ulijaribu kumeza, ukakupalia. Hospitali walisema mapafu yamejaa. Mengine siwezi.

Siwezi. Naendelea na ya jana.

Walikuja wote. Watu wa Mlandege, majirani wa hapa Soweto, na Maalim wa msikiti wetu. Wanaume sebuleni, wanawake uani, Mama mdogo chumbani nyuma ya pazia, mimi nimesimama kwenye mlango wa ukumbini nikipokezana vikombe. Nilijua walichokuja nacho. Mdogo wako, Baba mdogo, alikuwa ameshanipigia simu: arobaini ikipita, yule mwanamke arudi kwao, eda akamalizie hukohuko. Na kabla ya kuondoka, isomwe Halbadiri, aliyekudhulumu apatikane. Unajua watu wanavyoiogopa. Ikisomwa juu ya mdhalimu, wanasema, haimkosi.

Baba mdogo akalitoa mbele ya wote. Nikasema, hatoki mtu. Akaniuliza mtoto wa kike amepata wapi mdomo wa kujibu kikao cha wazee. Nikasema nimepewa na mwenye nyumba. Nikawaeleza habari za panya kutoka mwanzo hadi mwisho, vikombe vikiwa mkononi. Walicheka.

"Marehemu kaka yetu leo amekuwa panya!"

"Shule hizi jamani."

"Mwulize, hao panya nao walioa kwa Wasangu?"

Walipokuwa wanacheka, sauti ikatoka nyuma ya pazia. Hujawahi kumsikia Mama mdogo akisema mbele ya wanaume, nami sikuwahi.

"Isomeni."

Kicheko kikakatika.

"Isomeni hiyo Halbadiri, Maalim. Mimi sitoki humu. Isomwe juu ya mtu aliyemnyima mume wangu kitu cha kumfanya aishi. Nami nitaitikia amina."

Baba mdogo akasema, haya, mwenyewe karidhia. Lakini Maalim hakufungua kitabu. Unamjua, mzee wa taratibu, akikohoa mtu anadhani hotuba imeanza. Akasema, "Halbadiri si bunduki ya kukodi. Kabla sijamwombea mtu balaa, nitauliza. Marehemu alikuwa anatumia dawa ya hospitali. Siku zake za mwisho, hiyo dawa alikuwa anapewa na nani?"

Niliangalia uani. Wanawake wote walikuwa wanamtazama mtu mmoja.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka na tasbihi mkononi. Alisema polepole, kama anayemwambia mtu wa mbali, "Nilizitupa. Chooni. Nilijua ndizo zinazomfunga." Kisha akageuka kwangu. "Hao panya. Wakinyimwa hiyo dawa, wanakuwaje?"

Ningeweza kumdanganya, Baba. Ndugu zako walitaka nimdanganye, niliona kwenye nyuso zao. Nilimjibu. "Wanakaa mbele ya chakula mpaka wanakufa, shangazi."

Akajifunika uso kwa mtandio. Maalim akasema, "Basi tumsomee marehemu Yasini." Tukasoma Yasini. Halbadiri haikutajwa tena, wala habari za kuondoka kwa mtu.

Baba mdogo alipokuwa anaingia garini aliniambia nimemwaibisha shangazi yangu mbele za watu. Nikamwambia ndiyo. Nilitaka kuongeza mengine lakini nilitosheka na hilo. Ndiyo.

Usiniambie nimsamehe. Najua ungesema, "Mwajuma ni dada yangu, alinipenda." Alikupenda. Ndiyo maana inauma hivi. Siku ikija itakuja yenyewe, wala usinihimize kutoka huko. Lakini sitaruhusu asomewe Halbadiri, na mtu yeyote, hata Mama mdogo akiitaka tena. Nyumba hii hairogi mtu na haiapizi mtu.

Leo asubuhi Mama mdogo alipodeki alitaka kuifuta mistari kabisa. "Mwenye kuivuka hayupo," alisema. Nikamnyang'anya kitambaa. Nikatafuta chaki, nikapiga magoti pale alipokuwa anapiga yeye, nikauchora ule wa mlangoni. Umepinda kidogo. Yeye akacheka, mara ya kwanza tangu Mlandege. "Karani anajua kuandika, kuchora hajui."

Panya wa ghalani nitaendelea kuwatega, hao hawana walichonifanyia ila kutoboa magunia. Askari hajambo. Wale wa maabara, kokote walikokaa mbele ya chakula chao, walikaa hivyo ili mtu mmoja anieleze kuwa baba yangu hakuwa gogo, hakuwa kuku wa kufugwa, na hakukataa chakula cha dada yake. Nawashukuru. Sioni aibu kulisema, na atakayecheka acheke.

Pumzika Mlandege tulikokuzika, Baba. Umetembea vya kutosha. Mama mdogo atamaliza eda yake hapa, na baada ya eda atakaa hapa au atakwenda apendako, kwa miguu yake na jina lake likiwa safi. Nimekuahidi. Mstari wa mlangoni nitauchora kila asubuhi akishadeki. Anayekuja na neno juu yake auvuke kwanza, anikute mimi ndani.

Binti yako,
Zuhura