Mgeuze Uone Tumbo Lake

Bonde la Stinson, Tennessee
Mei 3, 1998

Kwa mdogo wangu Denzil,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, isipokuwa goti la Verna, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Wewe je, huko Dakota? Baridi imekuachia masikio? Tangu Krismasi hujaandika, na hata ile ya Krismasi ilikuwa mistari minne.

Sasa kaa chini. Nimenunua nyoka. Usicheke. Ni nyoka wa mahindi, jike, hana sumu hata chembe, rangi ya kutu na mabaka mekundu mgongoni. Nimemtoa kwa mama mmoja mjini anayewafuga kama wenzake wanavyofuga kuku. Verna hajasema nami siku ya pili leo. Anaongea na paka, kwa sauti, ili nisikie.

Sababu nakwambia wewe peke yako. Jumapili ya pili ya Agosti ni ile ibada kubwa, watu wote waliotoka bondeni wanaporudi nyumbani. Mchungaji Hobart amesema akiniona niko tayari atanifungulia sanduku la nyoka. Miaka ishirini na miwili nimekaa benchi la nyuma, Denzil. Kabla sijafa nataka kusimama mbele ya kanisa nimeshika nyoka kichwa-shaba, mwenye sumu yake kamili, kama Baba alivyokuwa akishika kuonyesha imani yake. Lakini mkono haukubali. Nikiona hata kamba imejikunja sakafuni, vidole vitatu nilivyobakiwa navyo vinakauka. Ndiyo nikasema nianze na huyu mpole, mkono ujifunze upya.

Wewe siku ile kanisani ulimshika nyoka ukamkumbatia kifuani kama paka wa nyumbani. Niambie, mtu anaanzaje?

Kaka yako,
Arlis


Kambini, Williston, Dakota Kaskazini
Mei 16, 1998

Kwa kaka Arlis,

Shikamoo. Barua imenikuta mzima, mgongo ndio unaolalamika. Tunachimba mtaro wa bomba siku kumi na nne mfululizo, na jioni nikivua buti nakaa nazitazama kama za mtu mwingine. Nisalimie shemeji. Mwambie paka hajui kutunza siri.

Kuhusu nyoka. Wiki ya kwanza usimguse kabisa. Mpe maji, mwache, ajue harufu ya nyumba. Mweke kwenye tangi la kioo lenye kifuniko cha kufunga kwa komeo, maana hao wakipata upenyo wa kidole unawakuta ndani ya kochi. Upande mmoja uwe na joto kwa chini, vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto, upande wa pili uwe baridi, achague mwenyewe. Kila upande mwekee pa kujificha. Nyoka asiye na pa kujificha hali chakula.

Panya mmoja kwa wiki, unene usizidi pale mwili wa nyoka ulipo mnene zaidi. Awe aliyekufa, wa kwenye barafu, umyeyushe kwenye maji ya moto. Panya hai humng'ata. Akishakula, siku mbili usimbebe, atatapika.

Ukianza kumshika, usimshike kwa juu kama mwewe. Pitisha mkono chini yake, mnyanyue kwa katikati, umwache atembee juu yako. Usimbane.

Lile la Agosti tutaliongea.

Mdogo wako,
Denzil


Bonde la Stinson
Juni 7, 1998

Kwa Denzil, mdogo wangu,

Natumaini mgongo umekusamehe. Huku tunapalilia na kula maharage na mkate wa mahindi, kama kawaida.

Nimefanya ujinga. Hukuniambia nimtandikie nini, nami si nafanya kazi kiwanda cha mbao? Nikamjazia maranda ya mwerezi, yale mekundu yanayonukia ambayo Mama alikuwa akiweka kwenye sanduku la mablanketi. Nikajiambia, huyu analala kama binti wa mfalme. Siku ya nne akaanza kukoroma, mdomo wazi, mapovu puani. Nikampeleka kwa yule mama mbio. Akanitazama akasema, "Bwana Arlis, mwerezi unafukuza nondo. Ulidhani nyoka ana mapafu ya chuma?" Sasa nimemtandikia maranda meupe yasiyo na harufu na amepona. Nilimwomba msamaha kwa sauti. Verna alikuwa mlangoni.

Nimemwita Dada Opal, kwa sababu anakutazama muda mrefu kabla ya kuamua kama unastahili, kama yule Dada Opal wa kwaya. Mwenyewe hajui.

Verna naye alifungua friza kutafuta soseji za kulungu akafungua karatasi isiyo yake. Kelele zile zilisikika kwa jirani. "Arlis! Kuna panya amelala pembeni ya chakula cha sherehe ya ubatizo!" Ila jana nilimkuta amevuta kiti mbele ya tangi, anashona.

Na sikia hili. Alhamisi Opal alipanda mkono wangu mbovu, akazunguka pale vidole vilipokatika, akatulia. Sikutetemeka. Nililia kidogo. Nimemwambia Hobart, na Hobart amesema kichwa-shaba wa Agosti ameshapatikana, mkubwa.

Ila umejuaje yote haya? Baba hakuwahi kuturuhusu kufuga nyoka wa mahindi.

Kaka yako,
Arlis


Kambini, Williston
Juni 20, 1998

Kaka Arlis,

Shikamoo. Mimi mzima. Upepo tu na vumbi.

Haya mambo nimeyajua kwa Tuck, ninayekaa naye trela moja. Anao wawili.

Kaka, hilo la Agosti, achana nalo. Umefika arobaini na minne, moyo wako si wa kijana. Opal anatosha. Kaa naye.

Mdogo wako,
Denzil


Bonde la Stinson
Julai 5, 1998

Denzil,

Salamu. Tu wazima.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali ulipoandika kwamba na wewe unaamini walivyoamini watu wa kanisani kunihusu. Hukuandika, lakini nimeliona hilo.

Hujui benchi la nyuma lilivyo kwa sababu uliondoka vuli ileile. Nilipoumwa na nyoka, nikiwa kitandani mkono umevimba kama kiatu, Baba alisema mbele ya wazee: "Arlis alikwenda bila kuitwa na Roho. Mdogo wake aliitwa." Ulikuwepo, ulishika beseni. Tangu hapo kila anayeumwa mgongo bondeni hujiuliza amefanya dhambi gani, halafu hunitazama mimi. Vijana wakinipita hukunja vidole viwili wakacheka. Fidla yangu, isiyopigika kwa vidole vitatu, nilimpa mtoto wa Hobart. Na Baba mpaka anakata roho alikuwa akisimulia jinsi wewe ulivyomshika. Hukuja kumzika, nikasimulia mimi kwa niaba yake.

Imani yangu ilipungua wapi? Miaka yote nimejichunguza sioni. Ndiyo maana lazima nishike tena. Nikifa, basi walisema kweli. Nikipona, nitaketi mbele.

Tarehe tisa Agosti. Usiniandikie mambo ya moyo na umri.

Kaka yako,
Arlis


Kambini, Williston
Julai 29, 1998

Kaka Arlis,

Shikamoo, ingawa nikikuamkia naona haya.

Nimeandika barua hii mara tano na kuichana mara nne. Ningeweza kupiga simu. Niliogopa kusikia sauti yako. Leo ni lazima iende, nimelipia ya haraka, kwa sababu Agosti imefika.

Tuck hakunifundisha chochote. Anao nyoka, ndiyo, ila mengi nilimfundisha mimi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na nane na kila mtu alikuwa akiningojea. Baba aliniambia, "Jumapili hii au nyingine, mwanangu, Roho atakuja." Mimi sikuwa nasikia Roho. Nilisikia woga tu. Nikamkamata nyoka wa mahindi kwenye ghala, nikamficha kwenye banda la tumbaku wiki tatu, nikimpa panya, nikimzoeza mkono. Ndiko nilikojifunza kumnyanyua kwa katikati. Ndiko nilikojifunza kwamba asiye na pa kujificha hali.

Wa kubeba masanduku nilikuwa mimi, unakumbuka. Jumapili ile nilimtia kichwa-shaba kwenye gunia chini ya kiti cha gari, nikamweka wangu sandukuni. Mgongo wao unafanana kwa mtu mwenye hofu, na watu walisimama mbali. Alitikisa mkia kama wanavyofanya wote. Nilimkumbatia kifuani. Watu walilia wakisema ona upendo. Nilikuwa naficha tumbo lake.

Baada ya ibada nikamrudisha mwenye sumu mahali pake, nikamwachia wangu msituni, nikadhani yamekwisha.

Jumapili iliyofuata ukasimama wewe. Kabla hujafungua sanduku ulinigeukia ukanikonyeza. Ulikuwa ukiniambia, kama mdogo wangu ameweza, nami naweza. Nilikuwa hatua nne kutoka kwako. Neno moja lingetosha, hata kikohozi. Nilinyamaza kwa sababu Baba alikuwa amenishika bega.

Nikanyamaza tena nilipokuwa na beseni. Nikanyamaza Baba alipokufa. Kazi ngumu zote nimezitafuta mimi mwenyewe, nikidhani zitanichosha kiasi cha kusahau. Zimenichosha tu.

Imani yako haikupungua, kaka. Mimi ndiye niliyekuwa sina, na wewe ndiye uliyelipishwa.

Kama huniamini, mwombe shemeji akusaidie, mgeuze Opal uone tumbo lake. Utaona vipande vyeupe na vyeusi vimepangwa kama punje za mahindi ya rangi. Kichwa-shaba hana hivyo. Kisha kumbuka kama kuna mtu yeyote siku ile aliona tumbo la nyoka wangu.

Usifungue sanduku. Huna cha kuthibitisha.

Mdogo wako,
Denzil


Bonde la Stinson
Agosti 16, 1998

Denzil,

Barua ilifika Alhamisi, siku tatu kabla.

Tulimgeuza mimi na Verna juu ya meza ya jikoni. Ni kama ulivyosema. Verna aliweka mkono mdomoni akasema, "Ee Arlis, ee baba yangu." Mimi nilitoka nikaenda kupasua kuni mpaka mpini ukavunjika. Sitakuandikia niliyokuita nikiwa kule, maana namheshimu Mama aliyekuzaa.

Jumapili kanisa lilijaa hadi uwanjani. Hobart aliweka sanduku mezani akaniita jina. Nikatembea mbele. Nilisikia watu wakivuta pumzi. Nikafika mezani, nikalipita sanduku, nikaketi benchi la kwanza, pale alipokuwa akiketi Baba. Hobart akaninong'oneza, "Arlis, vipi? Umeogopa?" Nikamwambia, "La. Nimechoka kusimama. Endelea na ibada." Nikakaa hadi mwisho. Kijana mmoja alitaka kukunja vidole, nikamwinulia mkono wangu wote autazame vizuri. Akatazama chini.

Sikuwaambia. Wameniuliza, Hobart amekuja nyumbani mara mbili. Si kwamba nakulinda. Jambo hilo si langu kulisema. Mdomo wako ndio ulionyamaza, mdomo wako ndio utakaosema.

Sijakusamehe. Usiniulize lini.

Opal ana wiki ya pili hali chakula. Amefifia rangi, macho yamekuwa na ukungu wa buluu, na jana alinirukia kutaka kuniuma nilipomfuata, yeye ambaye hajawahi. Yule mama wa mjini amesafiri. Verna amekesha naye. Nimefikiria nimwulize nani mwingine, sikumpata.

Arlis


Kambini, Williston
Agosti 23, 1998

Kaka,

Shikamoo. Shikamoo kwa shemeji.

Opal haumwi. Anataka kujivua ngozi. Wakati huo haoni vizuri, ndiyo maana anaogopa kila mkono, hata anaoujua. Usimguse. Usimpe chakula. Mwekee bakuli la maji analoweza kuingia mwili wote, na jiwe lenye kukwaruza la kujisugulia. Macho yatatakata kwanza, ukadhani imekwisha. Bado. Ngoja siku kadhaa, itaanzia midomoni. Ikikwama usimvute hata kidogo.

Nimeomba kazini wanilipe nilichobakiza, nimerudisha kofia na buti. Basi linafika mjini kwenu Jumamosi, tarehe tano Septemba, saa nane mchana. Usije kunipokea, najua njia. Nitalala popote, hata banda la tumbaku. Jumapili nitakuomba unionyeshe lile benchi la nyuma, nitakaa hapo mpaka Hobart aulize nani ana neno.

Ngozi ikitoka nzima, tafadhali usiitupe. Iache pale kwenye meza ya jikoni mlipomgeuzia, mpaka nifike.

Mdogo wako, ikiwa bado ni wako,
Denzil