Maharage Yaliyohama Shamba

Mjukuu wangu Imelda,

Huku Namswea tu wazima, na babu yako bado anagombana na kuku. Umeuliza kama tajiri na maskini wanaweza kuwa majirani kweli, maana huyo wa jirani na chumba chako kajenga ukuta hata sura yake huijui.

Nilipokuwa msichana, bei ya kahawa ilipanda sana, na jirani yetu Kaspari akatajirika. Akaezeka bati, akaacha kuja kwenye ngokela, ile kazi yetu ya kulimiana kwa zamu. Shamba lake lilikuwa mteremkoni, juu ya letu. Akaweka vibarua wa mbali wasiojua ngolo, mashimo yetu yanayozuia maji. Wakapiga matuta ya kuteremka! Mvua moja tu, udongo na mbegu zake za maharage vikahamia kwenye mashimo yetu, zikaota.

Tulipovuna, mama alimpelekea kikapu cha kwanza.

“Haya ni yangu au yenu?” Kaspari akauliza.

“Ni ya mvua, kaka. Ila kesho kuna ngokela.”

Alikuja na viatu vya kanisani. Tulicheka, naye akacheka, akavivua, akalima.

Nakutumia maharage kwa basi, mbegu ni ile ile. Nusu mpelekee huyo mwenye ukuta.

Bibi yako