Jengo Rimerara, Fundi

Fundi,

Shikamoo. Leo siisubiri marahaba yako, naisikia mwenyewe kichwani, ile uliyokuwa unaivuta kama mtu anayenyoosha mgongo. Ni mimi Mama Kulwa, fundi rangi wako. Nimekaa kwenye ngazi za nje za jengo letu, ziwa limetulia mbele yangu. Vidole vina rangi, kwa hiyo ukiona madoa ya kijani kwenye karatasi usinigombeze.

Miezi minane sasa tangu wakurudishe kwenu Majita. Kazi imechukuliwa na mkandarasi binafsi kutoka Dar. Siku hizi kila kitu ruksa, rangi za makopo kutoka nje zimejaa madukani, unachagua mwenyewe, na sisi tulivyokuwa tunasubiri chokaa wiki tatu! Paa limekamilika. Ngazi yako ya mninga haitoi mlio hata apande mtu mnene. Wageni wakija kuliangalia jengo la Wajerumani wanaishika, wanauliza nani kaifanya. Nawatajia jina lako.

Lakini sikukaa hapa kukuandikia habari za rangi. Nina jambo.

Unakumbuka ulivyonipokea? Mafundi walisema mwanamke na sketi yake atapandaje jukwaani. Ukawajibu, "Brashi haiurizi mtu amevaa nini." Basi, nikapanda. Na hapo ndipo nilipoijua saa yako ya kukaa. Taa ya moto ya kuchomea rangi kuukuu ibanduke ilizimwa saa tisa, upende usipende. Baada ya hapo ni kufagia maranda, kujaza ndoo maji na mchanga, kisha kukaa. Saa nzima! Sisi roho ziko nyumbani, wewe umekalia kipande cha boriti unatafuna muhogo wako wa kuchemsha. Halafu unapita kila dirisha nililolichoma, unalaza kiganja kwenye fremu, kisha kwenye ubao wa pembeni, kama mama anayepima homa ya mtoto. "Mbao hizi zimekauka tangu babu yangu hajazariwa," ulikuwa unasema. "Nyuma yake kuna uwazi, kuna viota. Moto ukiingia humo haupigi hodi." Mwisho unasimama mlangoni unauliza, "Jengo rimerara?" Tukijibu limelala, ndipo unafunga.

Mungu anisamehe, tulikucheka. Mimi ndiye niliyekuwa kinara. Siku ile nilikuwa nimetoa tumbo mbele, kiganja ukutani, nauliza, "Jengo rimerara? Na randa nayo imerara?" Watu hawana mbavu. Nageuka, uko nyuma yangu. Ukatabasamu, ukasema, "Nawe Msukuma, asubuhi umepita barabara au balabala?" Wakanicheka mimi, ikawa utani umeisha. Ila nilipokupita na ndoo yangu ulisema kwa sauti ndogo, "Mama Kulwa, urimi wangu mzito, rakini mkono wangu unasikia."

Nikacheka tena, Fundi, kwa aibu. Pole sikusema. Kifua kilipokushika nikajiambia Jumapili nitakuja kwako Pasiansi kukuona, nikuombe radhi. Jumapili ikaja na habari za msiba wako. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Sasa sikiliza. Msimamizi mpya, kijana msomi, hana ubaya, siku ya kwanza tu alishangaa. "Mnakaa saa nzima mnatazama ukuta? Hiyo ni kazi gani?" Saa yako ikafutwa. Ndoo zikaenda kuchotea zege. Likabaki debe lako tu chini ya ngazi, lile la mshikio wa waya. Hilo niliwakatalia. Kila asubuhi nalijaza maji. Nisikudanganye, sikulijaza kwa ajili ya moto. Nililijaza kwa sababu nilikukumbuka.

Alhamisi iliyopita nilichoma rangi ya dirisha la juu, lile la upande wa ziwa, mpaka karibu saa kumi. Lori likapiga honi, nikashuka mbio na wenzangu. Tunaondoka, kila mtu na stori zake, na mimi nasikia kuna kitu kimepungua. Hakuna aliyeuliza. Nikagonga bodi la lori, "Nishusheni, nimesahau kanga!" Na kanga nimejifunga kichwani. Wakacheka, wakanishusha.

Nikapanda juu. Nikalaza kiganja kwenye fremu, ya baridi. Nikajiona mjinga. Kisha nikakumbuka ubao wa pembeni. Yesu wangu! Ulikuwa wa moto. Mwali hauonekani, ni moshi mwembamba tu unatoka kwenye ufa, unanuka manyoya. Sijui nilishukaje. Nikalibeba debe lako, nikamwita mlinzi aje na mtaimbo. Tulipoubandua ubao, viota vilikuwa vyekundu kama makaa, na cheche zimeshaanza kuutafuta mhimili wa paa. Nikamwaga. Nikamwaga mpaka tone la mwisho, nalia huku natukana, sijui namtukana nani.

Yalitosha, Fundi. Debe moja.

Kesho yake msimamizi aliingiza kichwa kwenye shimo lile jeusi, akakaa humo muda. Alipotoka akasema, "Mama, paa lote lingekwenda." Nikamwambia, na ngazi. Akauliza saa ile ya kukaa ilikuwa inafanywaje. Nikamweleza yote, na mafundi wakanisaidia, kumbe kila mtu aliishika kwa moyo. Sasa imerudi. Kila ghorofa ina ndoo za maji na mchanga ambazo hazigusi zege, maranda yanatolewa nje kila jioni, na maharage hayapikwi tena ndani.

Akaniagiza niandike kibao cha mlangoni, swali lako lile lile. Nikaandika kwa herufi kubwa za kijani: JENGO RIMERARA? Akaja, akasoma, akaniambia kwa upole, "Mama, umekosea, ni limelala." Nikamwambia sijakosea hata kidogo. Mimi ambaye R haikai kinywani, nimeichora mara tatu, nikaipaka mikono miwili ya rangi ili isifutike. Ndiyo pole yangu hiyo, Fundi. Imechelewa, lakini ipokee.

Jana jioni aliyesimama mlangoni kuuliza ni yeye, kijana wa Dar, na aliuliza vile vile kama kibao kinavyosema. Hakuna aliyecheka.

Nakuahidi, mpaka siku ya kukabidhi funguo, hakuna ubao nitakaouchoma nikauacha bila kuushika, mbele na nyuma. Na wanangu Kulwa na Doto nitawaleta waipande ngazi yako.

Saa ya kukaa imekwisha, nimeshapita madirisha yote. Wabeja sana, asante sana, Fundi wangu. Jengo rimerara. Nawe rara.

Mama Kulwa