Kitabu Kisichomtaja Mungu

Salma,

Nimekaa mezani kwetu hapa Wattaya, Muscat, pale pale tulipokuwa tukiwasomesha watoto wenyewe badala ya kuwapeleka shule, Baraka wangu na Thuraya wako. Tangu ututoke, Thuraya anakaa kwa mama yako, na mimi na Baraka tumebaki wawili kwenye meza iliyotuzidi. Mume wangu hurudi kazini amechoka, huniuliza siku ilikuwaje, nami husema nzuri. Si nzuri, Salma. Nimekukosa mpaka naona haya kusema.

Kitabu chetu cha sayansi kimekwisha. Somo hilo lilikuwa lako. Yangu yalikuwa hesabu na Kiswahili, na Kiswahili chenyewe ulinicheka, ukisema ni cha bara mpaka kinatoa vumbi. Ikabidi nichague kitabu kipya peke yangu, na sikujua kwamba kuchagua kitabu ni kuchagua watu.

Akina mama wa kanisani, wale wanaokutana kwa Mama Joy, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, baada ya ibada yetu ya Ijumaa, siku ya mapumziko ya huku, huagiza vitabu kwa pamoja. Sayansi yao inaanza na siku sita za uumbaji, na kila sura ina mstari wa Biblia. Ni vitabu vizuri, vina picha. Na wao wenyewe wana watoto tele, chai na vicheko, mambo ninayoyatamani siku hizi kuliko unavyodhani. Lakini nilimfikiria Thuraya. Nilijiambia mama yako hatamleta mjukuu wake asomeshwe Biblia kwangu, na ana haki. Nikamwambia Mama Joy natafuta kitabu cha sayansi tupu, kisicho cha dini yoyote.

Alinijibu kwa upole, "Basi sisi na wewe tutakuwa tunasoma nini pamoja?"

Hawakugombana nami. Ila hawaniiti tena.

Nikanunua hicho cha sayansi tupu, nikampelekea mama yako kama mtu anayepeleka posa. Bi Zuwena akavaa miwani, akamwambia Thuraya amsomee ukurasa wa mvua. Mtoto akasoma huku akimfasiria kwa Kiswahili: jua, mvuke, mawingu, matone. Mama yako akasubiri. Kisha akauliza, "Na anayeinyesha yuko wapi?"

Nikamweleza kwamba nilikichagua kwa ajili yake, ili kisimkwaze mtu. Akakifunga taratibu, akanirudishia.

"Sikiogopi cha kanisani kwenu, mwanangu. Hatukubaliani nacho, lakini chamjua Muumba. Nnachokiogopa ni hichi kisichomtaja kabisa."

Wewe ungecheka. Mimi sikucheka. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka; mimi nilishika moja, zikaniponyoka zote mbili. Akina mama nimewapoteza, na Thuraya simpati.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni, nimevaa viatu, sijui ujasiri nilipata wapi. Nikamsimulia siku ile tulipowapeleka watoto ufukweni Qantab, ukamshika kaa kwa vidole viwili, wakakuuliza nani alimfundisha kutembea kiubavu. Ukasema, "Kwanza tumwangalie anavyokwenda. Aliyemfundisha tutamshukuru tukishaiona kazi yake." Nikamwambia mama yako kwamba ndivyo ulivyosomesha. Kitabu chetu cha zamani nacho kilituonyesha viumbe tu, na shukrani tulizitoa wenyewe, wewe kwa bismillahi yako, Baraka kwa ile sala yake ya haraka haraka.

Akavua miwani. "Kasema hivyo Salma?"

Akataka nirudie. Nikarudia. Akalia, nami nikalia, Thuraya akatuletea maji.

Sasa wanakuja wote wawili, yeye na Thuraya. Mama yako anakaa kiti chako, anapiga bismillahi, Baraka anaomba, tunafungua kitabu. Lakini haji kwa ajili ya mvua wala mawingu, nimeshamjua. Katikati ya somo huniuliza, "Hapa Salma angesemaje?" nami humwambia ulichowahi kusema. Mwanzoni maneno yako yalikuwa mengi. Yanakwisha, Salma. Siku hizi nayatafuta kama anayekwangua sufuria, na nikikosa nahisi nakuzika upya, peke yangu, bila watu wa kunishika mkono.

Jana tulifika kwenye mbegu, sura ambayo hukuwahi kuisomesha. Akaniuliza tena. Nikatunga. Nikasema ungewaambia watoto kwamba mbegu ina subira kuliko sisi, maana haijui jua liko upande gani na bado inaota.

Mama yako akanitazama juu ya miwani yake.

"Hilo si la Salma," akasema. "Hilo lako. Haya, endelea."

Nikaendelea. Baraka akanitazama, lakini nikaendelea mpaka mwisho wa ukurasa.

Kwa hiyo nakuahidi, mwenzangu: sitakuwekea tena mdomoni maneno usiyoyasema. Yaliyo yako nitamtunzia Thuraya kama yalivyo, na palipobaki kimya nitasomesha mwenyewe, nikijua au nikibahatisha. Maadamu niko Muscat, mwanao ana mahali mezani hapa.

Pumzika, Salma. Tunakuombea kila siku kabla ya kufungua kitabu, kwa namna mbili, na hakuna anayemharakisha mwenzake.

Wako,
Mama Baraka