Senti Nne Zinazong'aa

Jumatano, 2 Aprili

Nimefika kaburini kwa mume wangu Del. Miezi minne tangu niwekewe nyonga mpya, na leo nimetembea mwenyewe na fimbo mpaka kwenye jiwe lake. Mkwe wangu Tricia alinipeleka. Nilimwomba twende Jumamosi, akasema, subiri mama, Jumatano ni nzuri zaidi.

Juu ya jiwe kulikuwa na senti tano. Moja ni yangu ya Novemba, siku jiwe liliposimamishwa. Nne ni za mwanangu Garrett. Aliniahidi kabla sijapasuliwa: "Wewe tulia, mama. Kila mwezi nitamwekea mzee senti yake." Anayezuru kaburi la mwanajeshi huacha senti juu ya jiwe. Del hakuwahi kulipita kaburi la rafiki yake wa jeshini mikono mitupu.

Yangu imeoza, imelitia jiwe doa la kijivu. Nimeziondoa zote, nikaacha moja mpya.

Nimeona kitu. Sitaki kukiona.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimekiona.

Nimezipanga mezani na kutoa kioo cha kukuzia cha Del. Bado kina uzi aliokifungia asikisahau. Miaka thelathini alichambua senti kwenye meza hii, kahawa ikipoa, akinieleza nikimenya viazi. Za zamani ni shaba tupu. Hizi za sasa ni zinki iliyovikwa shaba nyembamba kuliko karatasi. Ukiikwaruza tu, maji na chumvi huingia. Kwanza malengelenge madogo, kisha ngozi hupasuka, unga mweupe hutoka. "Ukiona uvimbe, Arlene, usidhani umepata kitu cha ajabu," alikuwa akisema. "Inaumwa tu."

Yangu ina malengelenge shavuni mwa Lincoln, rais aliyechorwa juu yake. Ukingoni imeliwa, kuna tundu.

Za Garrett? Moja ni ya 1979, shaba tupu, nimeiweka kando. Lazima niwe wa haki. Tatu ni za zinki. Hazina lengelenge, hazina doa, hata wekundu wa upya haujafifia. Senti isiyo na mkwaruzo huvumilia kidogo, najua. Lakini tatu? Theluji ya Ohio, chumvi wanayomwaga njiani kuyeyusha barafu, mvua ya Machi? Na chini yake jiwe lilikuwa safi, halina hata alama ya duara.

Disemba, Januari, Februari, Machi. Zote ziliwekwa wiki hii.

Nimekasirika mpaka nimeacha supu ikaungua. Angesema, mama sikuweza, ningemwelewa. Kuna baridi, kuna kazi. Lakini kunitengenezea ushahidi! Tena kwa senti, mbele ya mjane wa Del.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimempigia simu.

Nikamuuliza, Januari na theluji ile, senti uliiwekaje?

"Nilipangusa kwa mkono, mama."

Bila glavu?

"Na glavu. Mama, unanihoji kama polisi."

Nikamwambia senti zake zinang'aa sana.

Akacheka. "Senti ni senti. Mzee angecheka."

Baba yako hakuwahi kuchekea senti, nikamwambia. Akasema Jumapili atakuja, twende pamoja, nimwone akiweka ya Aprili kwa macho yangu. Kana kwamba mimi ndiye wa kuombwa radhi kwa senti moja.

Sikulala vizuri.

Jumapili, 6 Aprili

Naandika garini, daftari juu ya goti.

Walikuja kula. Garrett alikula nyama mara mbili, akasema haya mama, twende kwa mzee. Tricia akasema atabaki kuosha vyombo. Hakunitazama.

Hapa langoni mwa makaburi nimesema nyonga inauma, tangulia wewe. Nyonga haiumi.

Ameingia akichezesha senti kiganjani. Sasa yuko safu ya tatu. Anainama, anasoma. Anakwenda jiwe la pili, anasoma.

Del yuko safu ya sita, karibu na bomba la maji. Siku ya maziko palikuwa na hema na watu, jiwe halikuwepo. Siku jiwe liliposimamishwa Garrett alikuwa kazini. Tulikuwa wawili tu, mimi na Tricia.

Tricia. Kwa hiyo hata zile nne si za mkono wa Garrett.

Amefika safu ya nne. Kijana wangu wa miaka arobaini na mbili anamtafuta baba yake kwa kusoma majina ya watu.

Amegeuka. Anaonyesha kushoto, anaonyesha kulia, ameinua mabega.

Nimeteremsha kioo cha dirisha. Anasubiri nimwambie.